Kufungua kituo si kazi, kazi ni kukiendesha



Tuseme leo kuna mkutano wa kijiji hapa Kilangala, mkoani Lindi. Watu wamekaa chini ya mwembe. Wamekuja wageni wenye nia njema. Wanasema: "Tupeni ardhi. Tutajenga shule na nyumba ya kulelea watoto waliokuwa wakiishi mitaani." Watu wanapiga makofi.

Kisha bibi mmoja anainuka. Anasema: "Ndugu Mwenyekiti, nyumba tumeisikia, na tunashukuru. Lakini mie nauliza. Hawa watoto kesho asubuhi nani atawapikia uji? Na kesho kutwa? Na mwaka ujao?"

Watu wanacheka. Lakini bibi ameuliza swali kubwa kuliko yote. Wahenga walisema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Na kituo ni vivyo hivyo. Kujenga ni kazi ya miezi. Kulea ni kazi ya miaka. Leo tutaeleza namna kituo cha watoto kinavyoendeshwa, na sisi wanakijiji tunahusika vipi.

MTOTO ANAFIKAJE MTAANI?

Hakuna mtoto aliyeota mtaani kama uyoga. Kila mtoto ametoka katika nyumba. Kwa nini akatoka?

Wako waliofiwa na wazazi. Ugonjwa wa UKIMWI uliwaacha wengi yatima. Wako ambao baba na mama waliachana, kila mmoja akaoa au kuolewa kwingine, na mtoto akakosa pa kukaa. Wako waliokimbia kipigo. Wako waliokimbia njaa. Na wako waliofuata rafiki tu, eti mjini kuna pesa.

Sisi watu wa pwani ya kusini tunalijua jambo hili. Vijana wetu wamekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha tangu zamani. Hata neno "machinga" ni letu. Wafanyabiashara wadogo wa barabarani waliitwa hivyo kwa sababu vijana wengi wa kazi hiyo walitoka huku kwa Wamachinga, upande wa Mchinga. Zamani mvua ikinyesha njia ilikatika, na watu walivuka Rufiji kwa kivuko. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa. Siku hizi ukipanda basi asubuhi, jioni uko Mbagala.

Kijana mkubwa anapanda basi na mtaji wake, hata kama ni mdogo. Ana anwani ya binamu yake. Mtoto wa miaka 11 anapanda hana kitu. Akishuka hana anapokwenda. Hiyo ni tofauti kubwa sana.

Huko mjini anaokota chupa na vyuma chakavu. Anabeba mizigo sokoni. Anaomba. Usiku analala juu ya maboksi kwenye baraza ya duka. Wengine hunusa gundi ili wasisikie njaa wala baridi. Wasichana huwaoni sana barabarani. Wengi wamo majumbani mwa watu wakifanya kazi za ndani, na wakifukuzwa usiku ndipo hatari inapoanza.

WALIOTANGULIA WALIFANYA NINI?

Kazi hii si mpya katika Afrika Mashariki. Tuangalie mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa Nairobi, nchini Kenya. Kuanzia mwaka 1952 mpaka 1960 Kenya ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Watoto wengi walipoteza wazazi na makao. Mwaka 1959 Geoffrey Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianzisha kituo cha Starehe. Walianza na vibanda viwili vya bati. Kituo kilikua kikawa moja ya shule zinazosifika sana nchini Kenya. Griffin alikiongoza mpaka alipofariki mwaka 2005. Yaani alikaa na kazi ile ile zaidi ya miaka 40.

Starehe ilifanya mambo mawili ambayo yatatusaidia mbele. Kwanza, watoto maskini walisoma bure, lakini pamoja nao walikuwapo watoto wa wazazi wanaolipa. Nguo ni moja na chakula ni kimoja. Mtu hakuweza kumnyooshea kidole mtoto kwamba huyu ni wa mtaani. Pili, kila wiki kulikuwa na baraza. Mwanafunzi aliweza kusimama akasema lenye kumkera, hata kama linahusu mwalimu.

Mfano wa pili ni wa Nairobi pia. Mwaka 1973 padri Mholanzi, Arnold Grol, alianzisha chama cha Undugu. Yeye alianza kwa kuwafuata vijana huko huko barabarani. Undugu waligundua kwamba mtoto aliyepotea miaka mitatu hawezi kuwekwa tu darasa la kwanza na watoto wadogo. Ataona haya, atatoroka. Kwa hiyo walifanya masomo ya muda mfupi kwa ajili yao, pamoja na ufundi.

Mfano wa tatu ni wa kwetu. Mwaka 1992 kituo cha Dogodogo kilianzishwa Dar es Salaam na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Watoto walipata pa kulala, chakula, shule, na baadaye mafunzo ya ufundi huko Bunju.

Basi wote hawa hawakuishia kwenye majengo. Walijiuliza swali la bibi yetu: kesho je?

KAZI ZA KILA SIKU

Sasa tuingie ndani ya kituo chenyewe. Kuna mambo sita.

1. Kibali

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Sheria hiyo hairuhusu mtu kujifungulia tu makao ya watoto, hata kama ana moyo mzuri. Lazima apate leseni, na makao yakaguliwe. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kumwendea kwanza. Kwa hiyo mgeni akija na mpango wa kituo, mwenyekiti aulize mapema: "Ndugu yetu, leseni iko wapi?" Huko si kumdharau mgeni. Ni kumlinda mtoto.

2. Daftari

Kila mtoto awe na jalada lake. Liandikwe jina lake, siku aliyofika, nani alimleta, anasema ametoka kijiji gani, nani ndugu yake, na afya yake ikoje. Mtoto mara nyingi hataji ukweli siku ya kwanza. Anaogopa kurudishwa kwenye fimbo. Mlezi asimlazimishe. Baada ya wiki kadhaa atataja jina la shangazi. Baada ya mwezi atataja mnazi ulio karibu na msikiti wa kijijini kwao. Kila neno liandikwe. Neno moja dogo laweza kumrudisha mtoto kwao.

Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika ukubwani unajua thamani ya jambo hili. Kilichoandikwa hakisahauliki.

3. Chakula

Hapa tupige hesabu pamoja. Tuseme kituo kina watoto 30. Kila mtoto anakula nusu kilo ya unga kwa siku, uji wa asubuhi na ugali.

Kwa siku moja: watoto 30 mara nusu kilo ni kilo 15.
Kwa siku 30: kilo 450, yaani magunia manne na nusu ya kilo mia mia.
Kwa mwaka: kilo 5,475, yaani karibu magunia 55.

Na hapo hatujanunua dagaa, maharage, mafuta, chumvi, kuni, sabuni, dawa, daftari wala kandambili. Hatujamlipa mpishi. Ndiyo maana tunasema kazi ni kukiendesha.

4. Walezi

Mtaa umemfundisha mtoto mambo matatu: usimwamini mtu, kula chote sasa hivi, na ukiona hatari kimbia. Kwa hiyo akifika kituoni atafanya hayo hayo. Ataficha kipande cha mkate chini ya godoro. Huyo si mwizi. Bado haamini kwamba kesho kutakuwa na chakula. Dawa yake si fimbo. Dawa yake ni chakula kufika kwa saa ile ile, kesho, na kesho kutwa, na siku zote. Siku moja mlezi ataona hakuna tena mkate chini ya godoro. Hapo ajue mtoto ameanza kupona.

Mlezi anayebadilika kila baada ya miezi mitatu hafai. Mtoto aliyeachwa mara moja, akiachwa tena na tena, moyo unafunga. Ni bora mama mmoja wa hapa kijijini anayelipwa mshahara wake kwa wakati kuliko wageni kumi wanaokuja wiki mbili, wanapiga picha, wanaondoka.

Kuna jambo jingine, na tulitaje bila haya. Wako watu wabaya wanaotafuta kazi mahali penye watoto ili wawadhuru. Kabla ya kumpa mtu kazi, aulizwe alikotoka, na huko alikotoka waulizwe. Watoto nao wajue nani wa kumwambia. Simu namba 116 ni ya kusaidia watoto hapa Tanzania, na kuipiga ni bure.

5. Shule na kazi

Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia elimu ya awali mpaka kidato cha nne. Mtoto aliyechelewa yuko chini ya mpango wa MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa. Anapewa misingi haraka, kisha anaweza kuingia darasa la kawaida. Na mwezi Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba hata msichana aliyeacha shule kwa kupata mimba anaweza kurudi darasani baada ya kujifungua. Aliyekua mkubwa aweza kujifunza ufundi, kwa mfano katika chuo cha VETA Lindi.

Je, mtoto afanye kazi kituoni? Ndiyo, kama mtoto yeyote wa nyumbani. Afagie, achote maji, apalilie bustani ya mchicha, afue nguo zake. Lakini kituo kikianza kula kwa jasho la mtoto, na mtoto akakosa darasa kwa sababu ya shamba, hicho si kituo tena. Ni mtaa mwingine wenye paa.

6. Fedha

Vituo vingi huishi kwa misaada kutoka nje. Si vibaya. Lakini mfadhili ni binadamu. Aweza kuugua, kufariki, kuishiwa, au kuchoka. Msaada wote ukitoka kwa mtu mmoja, siku akisita watoto 30 wanalala njaa usiku ule ule. Ni heri kuwa na vichaka vitatu vya kukimbilia: wafadhili kadhaa, shamba au mradi wa kituo, na mchango wa watu wa karibu.

Fedha zisishikwe na mtu mmoja. Benki watie sahihi wawili au zaidi. Kila kinachonunuliwa kiwe na stakabadhi. Hesabu ibandikwe ukutani, kila mtu aisome. Mwizi wa fedha za kituo anaiba uji mdomoni mwa mtoto.

HATARI AMBAYO WENGI HAWAIONI

Sasa, ndugu msomaji, tuje kwenye jambo gumu.

Tuseme kituo kimefanikiwa. Watoto wa kituo wanakula mara tatu. Wana sare mpya, vitabu na taa ya umeme ya kusomea. Jirani, nje ya uzio, yuko mama na watoto wake wanne. Korosho mwaka huu hazikuzaa. Watoto wake wanakula mara moja. Mama anatazama uzio. Je, hatajisemea, "Kumbe ningempeleka na wangu"?

Huyo mama si mbaya. Anampenda mwanawe. Ndiyo sababu anataka kumtoa.

Mambo haya yametokea kwingi duniani. Katika nchi kama Kambodia, Nepali na hapa jirani Uganda, ilionekana kwamba watoto wengi walio katika vituo vya yatima wana mzazi aliye hai. Waliletwa kwa sababu ya umaskini tu. Na wako wenye vituo waliowatafuta watoto vijijini ili vitanda vijae, maana wafadhili hutoa fedha kwa kuhesabu vichwa. Kituo kilichofunguliwa kwa ajili ya watoto wasio na nyumba kikawa kinawatoa watoto majumbani mwao.

Tufanyeje? Njia ni kutenganisha vitu viwili: shule na kitanda.

Shule ya kituo iwe wazi kwa watoto wa kijiji. Waje asubuhi, wasome, wanywe uji, jioni warudi kwa mama zao. Hapo mtoto wa kituo na mtoto wa kijiji wanakaa dawati moja, wanacheza mpira mmoja. Ndiyo ile siri ya Starehe ya kuchanganya watoto. Lakini kitanda cha kituo kiwe cha yule tu ambaye hana kitanda kingine duniani. Na kama bibi anaweza kumlea mjukuu ila hana unga, basi asaidiwe unga pale pale nyumbani kwake. Kumpa bibi debe la unga ni nafuu kuliko kumlea mtoto kituoni, na mtoto anabaki na bibi yake.

KURUDI KWAO

Sheria yetu inawataka wenye makao ya watoto wamsaidie mtoto kuungana tena na wazazi au ndugu zake. Kwa hiyo kituo kizuri kinajua mtoto ataondokaje tangu siku aliyoingia.

Pwani yetu ina historia ya kutukumbusha thamani ya jambo hili. Karne ya 19 watumwa wengi, wakiwamo watoto, walipitishwa Kilwa Kivinje kutoka bara. Wamisionari waliwalea waliokombolewa. Mwaka 1868 kituo cha Bagamoyo kilianza, watoto wakafundishwa kusoma, ufundi na kilimo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alishuka Lindi na kundi la watu waliokombolewa, kutoka Unguja. Nia ilikuwa kuwapeleka kuelekea makwao, upande wa Ziwa Nyasa. Wakatembea kwa miguu, wakaishia Masasi, wakaanza maisha mapya huko. Wengi hawakuwaona tena ndugu zao. Njia ya kurudi ilikwisha kufutika.

Mtoto wa leo njia yake haijafutika. Labda iko siku moja tu kwa basi. Lakini kumrudisha si kumshusha kituoni na kumpungia mkono. Kwanza afisa ustawi na mlezi waende bila mtoto. Waone nani yuko nyumbani, na kilichomkimbiza bado kipo au hakipo. Kama ni kipigo na mpigaji bado yupo, asirudishwe hapo. Atafutwe mjomba, shangazi au bibi. Kisha mtoto aende kutembea siku chache. Halafu ndipo arudi moja kwa moja. Na baada ya hapo aendelee kutembelewa. Wako ambao hawana kabisa pa kurudi. Hao kituo ndicho kwao, mpaka wajitegemee.

SISI TUNAWEZA NINI?

Kijiji hakihitaji mfadhili ili kuanza kazi hii.

Mwalimu akiona mtoto hajaja shule wiki nzima, apeleke habari kwa mwenyekiti wa kitongoji. Jirani akisikia mtoto anapigwa kupita kiasi, asiseme "si wangu". Sheria inamtaka atoe taarifa. Konda akiona mtoto mdogo anapanda basi peke yake, amuulize: "Mwanangu, unakwenda kwa nani?" Mzazi akifiwa, ukoo ukae, uandike kwenye karatasi kila mtoto ataishi na nani. Tusiishie kugawana minazi na mikorosho, tukawasahau watoto.

Mtoto mmoja akizuiwa hapa kabla hajapanda basi, hiyo ni kazi kubwa kuliko vitanda kumi.

Na tukirudi kwenye ule mkutano wa chini ya mwembe: bibi aliuliza nani atapika uji. Wageni wakijibu, "Mpishi huyu, kwa mshahara huu, kwa unga wa shamba hili, na hesabu zake mtazisoma ukutani kila mwezi," basi tuwape ardhi. Wakijibu, "Mungu atajalia," tuwaambie kwa heshima: "Mungu hujalia, lakini nendeni mkapige hesabu kwanza, kisha mrudi."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, hapa kijijini kwetu yuko mtoto aliyeondoka bila watu kujua alikokwenda? Nani alimfuatilia?
2. Tuseme kituo kina watoto 20, kila mmoja anakula nusu kilo ya unga kwa siku. Watamaliza kilo ngapi kwa siku 30?
3. Kwa nini ni bora shule ya kituo ipokee watoto wa kijiji, lakini kitanda kiwe cha asiye na nyumba tu?
4. Ofisi ya afisa ustawi wa jamii iko wapi kutoka hapa? Andikeni jina la mahali na siku anazopatikana, mbandike penye ofisi ya kijiji.